HOFU YA KUAZIMA



Ndugu msomaji, juma hili tunakuletea swali lililotoka mbali. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Kivu, aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, kisha akahamishiwa Marekani pamoja na mke na watoto. Si peke yake. Mwaka 2016 pekee Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, kuliko waliotoka nchi nyingine yoyote mwaka ule. Ndugu huyo alitutumia sauti kwa simu. Anasema mwanawe mwenye miaka kumi na minne alirudi nyumbani na mfuko wenye diski nne za filamu za kutisha. Hakununua wala hakuiba. Aliziazima bure kwenye maktaba ya umma, ile tunayoiita huku biblioteki, kwa karti yake mwenyewe ambayo baba ndiye aliyeitia sahihi. Ilikuwa juma la mwisho la Oktoba, na mtoto alikuwa amepatana na wenzake wa shule kuziangalia nyumbani kwao usiku wa Halloween.

Baba akatuuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Jambo hili lafaa au halifai? Serikali ya nchi ile yawezaje kumpa mtoto kitu cha namna ile kwa fedha za kodi? Na nikimkataza, nimpe sababu gani atakayoielewa?

Swali la tatu ndilo lililotukalisha chini tuandike. Kukataza ni kazi nyepesi, kila mzazi anaiweza. Sababu ndiyo nzito.

Kwanza tuiondoe njiani sikukuu yenyewe. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote ya Wakristo. Desturi zake nyingi zilipelekwa Marekani na watu wa Ireland na Scotland waliohama katika karne ya 19. Watoto huvaa sura za kutisha, hupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na watu huchonga maboga na kuwasha taa ndani yake. Wanachuoni wetu wengi hawapendi Mwislamu ajiingize katika sikukuu za dini nyingine, na ndugu yetu hilo analijua, wala hakutuuliza. Mtoto wake hakuomba pipi wala sura ya bandia. Alitaka filamu. Na filamu ile ingekuwa ileile kama ingeangaliwa mwezi wa Machi. Kwa hiyo tusimjibu jambo ambalo hakuuliza.

Tuje kwenye maktaba, maana hapa baba alikasirika, na tunaona hasira yake imeelekea pasipostahili.

Ndugu msomaji, maktaba ya umma kwa watu wa kule si jambo dogo. Mji wa Boston ulipewa ruhusa ya kisheria kuanzisha maktaba yake mwaka 1848, ikafunguliwa mwaka 1854, na juu ya mlango wa jengo lake wameandika kwamba ni bure kwa wote. Mwaka uleule wa 1848 aliingia Marekani mtoto wa mfumaji maskini kutoka Scotland, jina lake Andrew Carnegie. Alipotajirika kwa biashara ya chuma alitoa fedha zilizojenga majengo ya maktaba 1,689 katika nchi ile. Mtu anaingia bila kuulizwa kabila wala dini, anaonyesha uthibitisho wa mahali anapokaa, anapewa karti, na kwa karti ile anabeba vitabu, magazeti, muziki na filamu. Sheria yao ya haki za watunzi inamruhusu aliyenunua nakala halali kuiazimisha, ndiyo maana maktaba inaweza kumpa mtu diski akaangalie kwake. Na siku hizi maktaba nyingi zimeacha hata kutoza faini kwa wanaochelewa. Ile ya Chicago iliacha mwaka 2019, kwa kuwa faini ilikuwa ikiwafukuza maskini, na wenye fedha hawakuijali.

Sasa baba anauliza: je, kodi yangu inanunua mazimwi? Ndiyo, ndugu, sehemu ndogo sana ya kodi yako inanunua mazimwi. Lakini sikiliza. Chama cha Maktaba cha Marekani kina tamko lake tangu mwaka 1939, na moja ya makusudio yake ni kwamba kitu kisiondolewe rafuni kwa sababu ya asili au maoni ya aliyekitunga. Kwa kanuni hiyohiyo mkutubi akimkatalia mtu anayetaka filamu za kutisha zitolewe, humkatalia pia yule anayetaka tafsiri ya Qur'ani itolewe. Na wa namna hiyo wapo. Wewe uliye mchache mahali, fikiri mara mbili kabla ya kuomba mlango ufungwe, maana huenda ukawa wewe wa kwanza kubaki nje.

Kuna herufi juu ya maganda ya filamu, na baba aliuliza juu yake. Tangu tarehe 1 Novemba 1968 wenye sinema wa Marekani wamekuwa na utaratibu wa kuzipa filamu alama. Ile yenye R maana yake ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 17 asiingie sinema bila mzazi au mtu mzima anayemwangalia. Lakini utaratibu huo ni mapatano ya wafanya biashara wenyewe, si sheria ya nchi. Maktaba hailazimiki kuufuata. Ziko zinazotoa karti tofauti kwa watoto, na ziko zisizozuia lolote. Chama chao kinasema wazi kwamba kumwongoza mtoto ni kazi ya mzazi wake, na mzazi ana haki juu ya mtoto wake mwenyewe tu, si juu ya mtoto wa jirani.

Hapo baba aliposikia alisema, basi wamenitupia mzigo. Tunamwambia: hawakukutupia, ulikuwa wako. Ulipotia sahihi ile karti uliupokea, hata kama karatasi ilikuwa ya Kiingereza na hukuisoma yote. (Wangapi kati yetu husoma yote tunayotia sahihi, hata yakiwa ya Kifaransa au ya Kiswahili?)

Basi tuache maktaba, twende nyumbani.

Je, kuitafuta hofu kwa ajili ya raha ni jambo la akili? Watu wa kale waliliuliza. Aristotle, yule hakimu wa Wayunani, aliona kwamba vitu ambavyo kuviona kwa macho ni uchungu, kama maiti na wanyama wachafu, twafurahi kuvitazama vikichorwa vizuri, kwa sababu mtu hufurahi kujifunza. Kitabu chake hicho Ibn Rushd wa Andalusia alikitungia sherehe, kwa hiyo swali hili si geni hata kwa Waislamu. Nasi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Ni nani katika sisi hakusimuliwa na nyanya yake, moto ukiwa unafifia, habari za zimwi lenye kula watoto? Tulijikunyata, tulishikana mikono, na kesho yake tuliomba tena hadithi ileile. Hakuna aliyesema nyanya alikosa.

Lakini tazama nyanya alivyofanya. Alikuwa akituangalia usoni. Akiona mdogo wetu macho yamemtoka na mdomo unatetemeka, aliliua zimwi upesi kuliko jana, au alikohoa akatia wimbo, au alisema basi, mengine kesho. Hadithi ilikuwa na macho. Diski haina macho. Inaendelea mwendo wake uleule, mbele ya shujaa na mbele ya mtoto anayelia, mpaka mtu anyanyuke aizime.

Hili si wazo letu tu. Kuna kisa kinachojulikana. Mwezi wa Oktoba 1968 huko Pittsburgh ilitolewa filamu iitwayo Night of the Living Dead, iliyotengenezwa na George Romero kwa fedha kidogo. Ni habari ya wafu wanaofufuka na kula watu. Ilitoka majuma machache kabla ya zile herufi kuanza, kwa hiyo hapakuwa na alama yoyote ya kumzuia mtoto. Januari 1969 mwandishi wa gazeti moja la Chicago, Roger Ebert, aliyekuja kuwa mhakiki mashuhuri wa filamu, aliandika jinsi alivyoingia kuiangalia mchana, katika sinema ya mtaani iliyojaa watoto. Wazazi walikuwa wamewashusha mlangoni wakaenda zao. Mwanzoni watoto walipiga kelele za furaha kama kawaida yao. Baadaye sinema ikawa kimya. Alimwona msichana mdogo, kama wa miaka tisa, amekaa bila kutikisika, analia. Watoto wale walizoea filamu ambazo mwisho wake mtu mwema anaokoka, na hii haikuwa hivyo, nao hawakuwa na kitu rohoni cha kujikinga nacho.

Ndugu msomaji, msichana yule hakudhulumiwa na hadithi. Alidhulumiwa na kiti kitupu pembeni yake. Angekuwepo baba, mama, hata kaka mkubwa wa kumwambia twende nje, mambo yangekuwa mengine.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo ndugu yetu alilitaja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. Usiku ule mtoto alianza kuijaribu filamu moja kabla wenzake hawajaja. Alifungua sauti. Nyumba za kupanga za kule kuta zake ni nyembamba. Mama yake alikuwa chumba cha pili, akikunja nguo. Akasikia mlango unapigwa kwa nguvu, mbao zinavunjika, mwanamke anapiga ukelele. Hakuja kufoka. Hakusema kitu. Baba alimkuta amekaa chini nyuma ya kitanda, amemkumbatia mtoto mdogo, mkono wake juu ya mdomo wa mtoto.

Wewe uliye Kivu, au uliye na ndugu Kivu, huna haja tukueleze kwa nini mkono ulikuwa juu ya mdomo wa mtoto.

Kuna habari iliyopokewa katika Sunan ya Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Mmoja wao alilala, na baadhi ya wenziwe wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akashtuka. Mtume akasema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Tazama jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Kamba! Haikuibwa, mtu hakuumia. Lakini yule aliyelala hakuwa amekubali kuingia katika mchezo. Aliingizwa akiwa usingizini.

Tunadhani mpaka wenyewe uko hapo. Hofu uliyoichagua na hofu uliyotiwa si kitu kimoja, ijapokuwa moyo hupiga sawasawa. Mtoto aliyeazima diski aliazima hofu yenye tarehe ya kurudishwa. Baada ya siku saba ataipeleka, ataitumbukiza katika tundu la ukutani, na ataondoka mwepesi. Mama yake ana hofu isiyo na tarehe. Hakuna meza ya kuipeleka. Mtoto alipofungua sauti alicheza na yake, akaamsha ya mama.

Je, mtoto ana kosa? Hapana, hakujua. Na hakujua kwa sababu hakuambiwa. Alizaliwa kambini. Wazazi waliamua, kama wengi wanavyoamua, kwamba yale ya nyumbani yasisemwe mbele ya watoto. Tunawaelewa. Lakini mtoto si kipofu. Anaona mama anavyokaa daima akiutazama mlango. Anaona baba anavyonyamaza redio inapotaja miji fulani. Anajua kuna kitu kikubwa cha kutisha ndani ya nyumba, na hakuna anayekitaja jina. Sisi si waganga wa roho, ila tunajiuliza: huenda zile diski nne hazikuwa za Halloween tu. Huenda ni njia ya kijana ya kubisha mlango ambao wazazi wameufunga. Anataka kuiona hofu ina sura gani, na kwa kuwa nyumbani hawamwonyeshi, amekwenda kuiuliza kwa wageni.

Na wageni wakati mwingine husema kweli. Filamu ile ya Romero ilikuwa mojawapo ya zile nne, na si ajabu. Wenye kuigawa walipobadilisha jina lake la kwanza walisahau kuweka alama ya haki ya mtunzi, na kwa sheria ya wakati ule ikawa mali ya wote. Ndiyo maana nakala zake zimejaa kila mahali. Mtu mkuu ndani yake ni mweusi, aliigizwa na Duane Jones, jambo lisilokuwa la kawaida mwaka ule. Ndiye mwenye akili, ndiye anayepigilia mbao madirishani, ndiye anayefika asubuhi akiwa hai. Na asubuhi wanakuja watu wenye bunduki, waliotumwa kuwaokoa watu. Wanamwona dirishani kwa mbali. Wanampiga risasi, wakidhani ni mmoja wa wafu, na mwili wake wanautia katika moto pamoja na mingine. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili mwaka uleule.

Wafu hawakumweza. Walimuua waokoaji. Hatupendi damu iliyomo katika filamu ile, na kuna sehemu ambazo mtu hana faida ya kuzitazama. Lakini tusiseme kwamba hakuna kitu ndani yake. Mtu wa Kongo akiutazama mwisho ule hatauliza unamaanisha nini.

Zile nyingine tatu hatuzijui zote. Moja, kwa maelezo ya baba, ni ya mtu mwenye kisu anayewachinja vijana mmoja baada ya mwingine, na sehemu ya pili yake, na ya tatu. Kwa filamu ya namna hiyo hatuna utetezi wowote. Pale kifo cha mtu ni kama goli la mpira, watazamaji wanahesabu. Anayejizoeza kucheka mtu akichinjwa, hata kwa rangi na bandia, anajizoeza kitu, na sisi tunaotoka mahali ambapo watu wamechinjwa hatuwezi kukiita mchezo. Watu wa kule watasema tumezidisha, kwamba wao wanacheka na bado wanamsaidia jirani. Inawezekana. Tunasema kwa ajili ya nyumba ile moja.

Basi hiki ndicho tulichomwandikia ndugu yetu. Usiende maktaba kugombana na mkutubi, hakukukosea. Usiikate karti, maana kwa karti hiyohiyo mtoto anajifunza hesabu na wewe unajifunza Kiingereza. Wageni wa Halloween waambie wasije, na mwambie mwanao sababu kwa maneno haya hasa: mama yako yuko chumba cha pili, na yeye hakuchagua. Usiseme haramu ukanyamaza. Neno haramu bila sababu, mtoto wa miaka kumi na minne ataliheshimu mbele yako tu. Sababu yenye uso wa mama yake ataitembea nayo mpaka nyumbani kwa rafiki. Kisha, akitaka kuiangalia moja, ichague pamoja naye, mkae wote wawili mchana, mama akiwa kazini, sauti iwe ndogo, na wewe uwe na macho ya nyanya. Ukiona imetosha, zima.

Alitujibu baada ya siku kumi. Diski tatu zilirudishwa siku ileile. Ile ya 1968 waliiangalia Jumamosi asubuhi, wawili tu, mara mbili wakaisimamisha. Ilipofika mwisho, yule mtu alipoanguka dirishani, mtoto hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, baba, waliokuja kijijini kwenu, mliwadhania ni waokoaji?

Baba anasema alinyanyuka akaenda kuchemsha chai. Alipika chai ile polepole sana. Aliporudi mtoto alikuwa bado amekaa palepale, skrini imezimwa, anangoja. Akamweleza kidogo, sehemu yake yeye. Sehemu ya mama aliiacha, akasema, hiyo si yangu kuitoa, tutamwomba mwenyewe, na akikataa hatutamwuliza tena.

Mpaka tunapochapa karatasi hii hawajamwomba.

Wassalaam alaykum warahmatullah.